Fazlur Khan: Mhandisi aliyewafunza wasanifu

Mkaaji wa Ngara avukaye Mto Nairobi kwenda mjini huyaona majumba marefu kila siku, na pengine hudhani kuwa adui wa jumba refu ni uzito wake peke yake. Sivyo. Kadiri jumba linavyopanda ndivyo upepo unavyolisukuma zaidi, na hapo zamani dawa ilikuwa kuongeza chuma juu ya chuma mpaka gharama ikamshinda mwenye nyumba. Aliyeitafutia shida hiyo dawa nyingine ni marehemu Dakta Fazlur Rahman Khan.

Khan alizaliwa tarehe 3 Aprili, 1929, huko Dhaka, mji ambao sasa ni makao makuu ya Bangladesh. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu. Baada ya kuhitimu uhandisi kwao, alikwenda Marekani mwaka 1952 kwa msaada wa masomo. Katika muda wa miaka mitatu alijipatia shahada mbili za uzamili na moja ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois.

Mwaka 1955 aliajiriwa na kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill mjini Chicago. Alirudi kwao kwa muda, kisha akaenda tena Chicago mwaka 1960. Mwaka 1966 akawa mmoja wa washirika wa kampuni hiyo.

Hoja yake kubwa ni nyepesi kueleza. Tazama mwanzi: ndani ni mtupu, lakini upepo hauuvunji kwa urahisi, kwa sababu nguvu zake zimo katika ganda la nje. Khan alitaka jumba nalo lisimame hivyo, nguzo zikipangwa karibu karibu ukutani, badala ya kutapakaa ndani. Katika jumba la John Hancock, lililokamilika Chicago mwaka 1969 likiwa na orofa 100, alifunga kuta za nje kwa vyuma vikubwa vya mshazari. Chuma kilichotumika kilikuwa kiasi cha kilo 145 kwa kila mita mraba, hali Empire State ya New York, iliyojengwa mwaka 1931, ilitumia kilo 206 hivi.

Kisha likaja jumba la Sears, ambalo sasa huitwa Willis. Hapo Khan alifunga pamoja minara tisa kama tita la kuni, kila mmoja ukimshika mwenzake. Lilifika kimo cha mita 442 mwaka 1973, mwaka ule ule ambao Nairobi ilifungua Jumba la Mikutano la Kenyatta lenye mita 105. Kwa miaka 25 hivi hapakuwa na jumba refu kulishinda duniani.

Kazi hizo hakuzifanya peke yake. Msanifu wake alikuwa Bruce Graham, na wawili hao walikaa meza moja tangu mstari wa kwanza kuchorwa. Jambo hilo ndilo Khan alilolipeleka darasani. Ingawa alikuwa mhandisi, kwa miaka mingi alifundisha usanifu katika Illinois Institute of Technology, pamoja na Myron Goldsmith. Mwanafunzi aliyechora umbo zuri alitakiwa aeleze mzigo wake unapita wapi hadi kufika ardhini.

Wala hakuwasahau watu wake. Vita vilipozuka kwao mwaka 1971, aliongoza Wabengali wa Chicago kukusanya misaada.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wamepita chini ya kazi yake bila kumjua. Kituo cha mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, kilichofunguliwa mwaka 1981, kina mahema 210 ya kitambaa kigumu yanayoleta kivuli na kupitisha hewa. Ni mjini Jeddah humo humo Khan alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, tarehe 27 Machi, 1982, akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa Chicago.

Leo Ngara yenyewe inapanda juu. Mradi wa Park Road peke yake una nyumba zaidi ya 1,300. Nairobi pia haijasahau jumba la Huruma lililoporomoka Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50. Anayechora na anayepiga hesabu wakipeana mgongo, anayelipa ni mpangaji. Kidole kimoja hakivunji chawa.