Johnny Bright: mwalimu aliyeombwa radhi akiwa kaburini

Aghalabu tunapoitaja michezo shuleni na vyuoni, huisifu kwa kujenga mwili na tabia. Ni nadra kuuliza uwanja humfundisha nini kijana pale mmoja anapodhulumiwa mbele ya halaiki, nao wakubwa wakanyamaza. Swali hilo hunijia kila ninapoyatafakari maisha ya Johnny Bright, Mmarekani mweusi aliyekuwa mchezaji shupavu kisha akawa mwalimu.

Bright alizaliwa mwaka wa 1930 mjini Fort Wayne, jimbo la Indiana. Alisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Drake kilichoko Des Moines, Iowa, huku akiichezea timu ya chuo kandanda ya Kimarekani. Mchezo huo unaikaribia raga kuliko soka, kwani mpira wake wenye umbo la yai hubebwa na kurushwa kwa mikono. Katika misimu ya 1949 na 1950, hapakuwa na mchezaji wa chuo nchini humo aliyeisogeza timu yake mbele kwa yadi nyingi kumshinda.

Msimu wa 1951 Drake ilishinda mechi zake tano za kwanza. Oktoba 20 ikasafiri hadi Stillwater, Oklahoma, kumenyana na chuo kilichoitwa wakati huo Oklahoma A&M. Jimbo hilo lilikuwa na sheria za kuwatenga weusi, na fununu zilikuwa zimezagaa kwamba Bright angeandamwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika dakika saba za mwanzo, mchezaji mzungu aitwaye Wilbanks Smith alimpiga akamwangusha mara tatu, hali mpira ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwake. Taya la Bright likavunjika. Hata hivyo, kabla ya jeraha kumtoa uwanjani, alirusha mpira wa yadi 61 ulioipatia timu yake alama. Drake ikashindwa kwa 27 dhidi ya 14.

Huenda kisa kingeishia hapo lau si wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Robinson na Don Ultang. Picha zao zilionyesha bayana kwamba Bright alipigwa akiwa mbali na mpira, nazo zikatunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1952.

Smith alishikilia miaka yote kwamba rangi haikuwa sababu. Mimi sina haja ya kuupekua moyo wa kijana mmoja. Ninaowalaumu ni watu wazima. Picha zilikuwako, waliotazama walikuwa maelfu, lakini shirikisho la michezo la Missouri Valley halikumwadhibu yeyote. Drake ikajitoa katika shirikisho hilo, na Chuo cha Bradley kikafuata. Naamini vyuo hivyo viwili viliwapa wanafunzi wao somo ambalo halipatikani katika kitabu chochote, kwani vilikubali hasara ili kutetea haki.

Mwaka wa 1952, klabu ya Philadelphia Eagles ilimteua Bright wa kwanza miongoni mwa wachezaji wapya iliowataka. Yeye, akihofia jinsi ambavyo angetendewa huko, alihamia Kanada. Aliichezea Calgary, kisha Edmonton, na kwa miaka mitatu mfululizo, 1954 hadi 1956, timu yake ya Edmonton ilitwaa Kombe la Grey. Mwaka wa 1959 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi ya nchi hiyo, na mwaka wa 1962 akawa raia wake.

Hata hivyo, ninalolienzi zaidi ni kwamba hakuisahau kazi aliyoisomea. Alifundisha katika shule za Edmonton, akawa kocha, na hatimaye mwalimu mkuu. Mtu aliyevunjwa taya mbele ya wasomi hakuikimbia elimu.

Bright alifariki Desemba 14, 1983, akiwa na umri wa miaka 53, moyo wake uliposhindwa wakati wa upasuaji wa goti. Chuo cha Stillwater, ambacho sasa huitwa Oklahoma State, kiliiandikia Drake barua ya kuomba radhi mwaka wa 2005. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alizaliwa babu akiwa kaburini kwa takriban miaka 22. Radhi hiyo ilikuwa njema, ila mwenye taya hakuisikia.

Ndugu mwalimu, pengine nawe umemwona mwanafunzi akipigwa au akizomewa kwa sababu ya asili yake, ukajiambia kwamba muhula ukiisha yatasahaulika. Hayasahauliki. Mwite aliyetenda, mwite aliyetendewa, na jambo hilo lisemwe wazi wangali shuleni wote wawili. Nawe mwanafunzi uliyeshuhudia, usingoje kamera ikusemee.