Martin Luther na neno "haki"

Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483. Akiwa mtawa, aliliogopa neno haki katika Warumi 1:17, akidhani ni haki ya Mungu ya kuwaadhibu wenye dhambi. Alilitafakari usiku na mchana, akilipima kwa maneno yanayolizunguka, mpaka akaelewa kuwa ni haki ambayo Mungu humpa mwenye dhambi bure, kwa imani. Moyo wake ukatulia. Mwaka 1521 alifichwa katika ngome ya Wartburg, akatafsiri huko Agano Jipya kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1546.

Sisi wakimbizi haki tunaifuata ofisini, mara nyingi tunarudi mikono mitupu. Hii ya Mungu haina foleni. Basi tusiliruke neno linalotutisha, tukae nalo.