Elijah Masinde: Nahodha wa mpira aliyefungiwa Mathari

KAMPALA. Mfanyabiashara anayevuka mto pale Lwakhakha na kupandisha kuelekea soko la Chwele anapita katikati ya nchi ya Elijah Masinde. Jina lake bado linatajwa vibandani, hasa mvua inapozuia watu kufunga mizigo na mazungumzo yakarefuka. Wapo wanaomwita nabii, wapo wanaomweka kwenye orodha ya wapigania uhuru, na wapo wanaomaliza habari zake kwa neno moja tu, kwamba alikuwa kichaa. Neno hilo halikuzuka sokoni. Lilitoka serikalini, na lilimgharimu miaka miwili hivi ya maisha yake.

Habari zake zinawahusu pia vijana wanaosomea uuguzi hapa Kampala, ambao sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo hufanyika katika Hospitali ya Butabika. Wengi wao ni watoto wa wasomaji wa gazeti hili, na karo yao inatoka kwenye mabunda ya mitumba na magunia ya maharage yanayovuka Malaba na Busia. Darasani wanafundishwa dalili za magonjwa ya akili. Maisha ya Masinde yanauliza swali linalotangulia dalili: nani kasema huyu ni mgonjwa, na kwa nini amesema hivyo leo?

Masinde alizaliwa karibu na mwaka 1910 upande wa Kimilili, katika jamii ya Wabukusu chini ya Mlima Elgon. Miaka michache tu kabla ya hapo, nchi hiyo ilikuwa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza waliihamisha mikoa ya mashariki ya Uganda wakaiweka chini ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na ndugu wa damu, Wabukusu huku na Wagisu kule, wakajikuta na mpaka katikati yao. Hata vita vya 1895, vilivyowavunja Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe, vilipiganwa na jeshi la utawala wa Uganda. Wazee waliomlea Masinde walikuwa wameviona vita hivyo kwa macho yao.

Alisoma kidogo katika shule ya misheni ya Marafiki, wale Wakristo wanaojulikana pia kama Wakweka. Kilichompa jina mapema hakikuwa dini bali mpira. Aliongoza timu ya kwao, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyozaa yale tunayoyaita leo CECAFA. Shabiki wa leo anayelipa nauli kuja Namboole kutazama Cranes na Harambee Stars ajue kwamba ushindani huo una umri, na kwamba Masinde alikuwamo katika miaka yake ya mwanzo.

Alipooa mke wa pili, kanisa lilimweka kando. Alifanya kazi ya kupeleka hati za mahakama ya wenyeji, kazi iliyomfikisha kwenye kila boma na kumwonyesha jinsi sheria ya mzungu ilivyomfika mtu wa kawaida: faini, kodi, wito. Mtu wa namna hiyo, anayejulikana uwanjani, anayejua njia zote na aliyekwisha kukosana na kanisa, si mtu wa kumpuuza.

Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilichukua vijana kwa nguvu kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Ilitoa pia amri za kilimo, ikiwamo ya kung'oa magugu, nazo ziliwachosha watu. Ni wakati huo, karibu na 1943, Masinde alipojitokeza na Dini ya Msambwa. Iliwarudisha watu kwa Wele, Mungu wa Wabukusu, na kwa kuwakumbuka wahenga, ikauheshimu Mlima Elgon kama mahali patakatifu, huku ikichukua pia mambo ya Biblia iliyofaa shabaha yake. Upande wa siasa haikuficha kitu. Wazungu waondoke, na Waafrika wajitawale.

Mwaka 1944 alikataa amri waziwazi, akawahimiza wengine wakatae, na akagongana na watu wa chifu. Alifungwa. Mwaka 1945 akapelekwa Nairobi, katika Hospitali ya Akili ya Mathari, akakaa huko hadi 1947.

Mathari ya wakati ule haikuwa hospitali kama wanafunzi wetu wanavyoielewa. Ilifunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya kuwaweka vichaa, ikapata jina la Mathari mwaka 1924. Wazungu walilazwa mbali na Waafrika. Dawa za kutuliza kichaa zinazotolewa leo hazikuwepo. Ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Kwa hiyo kumpeleka mtu Mathari, mara nyingi, kulikuwa ni kumwondoa alikotoka.

Mkuu wa hospitali hiyo tangu 1938 alikuwa John Colin Carothers, daktari wa serikali aliyezaliwa Afrika Kusini, ambaye alipoingia hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Baadaye alipata sifa duniani. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake ya Mau Mau kama tatizo la saikolojia. Ardhi iliyonyang'anywa ikawa suala dogo, akili ya mlalamikaji ikawa suala kubwa. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimshambulia kwa jina katika kitabu chake cha 1961. Kwa maoni yangu alistahili.

Sasa tumweke Masinde mbele ya mwanafunzi wa uuguzi wa leo. Mtu huyu anasema mizimu ya wahenga inamtuma. Anasema serikali kubwa kuliko zote duniani itafunga virago. Anapigana na watu wa chifu. Kwenye karatasi, hapo pana kujikweza, pana imani ngeni, pana ukali. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika jina la ugonjwa kabla chai haijapoa.

Lakini uuguzi wa akili hauendi hivyo. Imani ambayo jirani, mjomba na kijiji kizima wanaishiriki haihesabiwi kuwa dalili, hata ikimshangaza muuguzi aliyekulia mahali pengine. Kinachotafutwa ni mabadiliko ndani ya mtu mwenyewe. Alikuwaje mwaka jana, na yukoje sasa? Analala? Anakula na kuoga? Maneno yake yanafuatana? Anasikia sauti ambazo hata watu wa imani yake hawazisikii? Kazi yake bado anaimudu? Na kabla ya yote hayo, ana homa? Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, kaswende ya muda mrefu au ugonjwa wa malale vinaweza kumfanya mtu aliyekuwa mzima Jumatatu aonekane kichaa Alhamisi, na huyo anahitaji daktari wa mwili upesi.

Kwa vipimo hivyo, matendo ya Masinde baada ya kutoka yanajieleza. Aliachiliwa Mei 1947. Septemba mwaka huohuo aliwaongoza maelfu ya wafuasi hadi kwenye ngome ya Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Kuwaita watu wa vilima vingi, wakafika siku moja mahali pamoja kwa shughuli moja, ndani ya miezi minne, ni kazi ambayo mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupanga msafara wa malori mawili anaijua uzito wake. Mtu ambaye mawazo yake yametawanyika haiwezi.

Serikali ilirudi kumtafuta, sasa kwa bunduki. Tarehe 10 Februari 1948, pale Malakisi, kilomita chache tu kutoka mpakani, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi na kuua watu 11. Masinde alikamatwa mwezi huohuo, dini yake ikapigwa marufuku, naye akapelekwa mbali, Lamu. Safari hii hakuitwa mgonjwa. Aliitwa hatari kwa usalama. Tofauti kati ya majina hayo mawili haikutokana na kipimo kipya cha daktari.

Ningeweza kuishia hapo na kuwapa wasomaji hadithi nzuri ya shujaa na wakoloni. Ingekuwa nusu ya habari, na nusu hiyo ina hatari yake, kwa sababu inaweza kumfanya mtu adhani ugonjwa wa akili ni uzushi wa serikali. Si uzushi. Katika Mathari hiyohiyo walikuwemo watu waliokuwa wagonjwa kwelikweli, na waliteseka.

Mwaka 1947, mwaka aliotoka Masinde, Carothers alichapisha hesabu zake za wagonjwa Waafrika wa Kenya. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sonona, ile huzuni nzito isiyoisha inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kuishi, ni nadra kwa Mwafrika. Kosa liko mlangoni pa hospitali. Alihesabu walioletwa, na walioletwa ni wale waliopiga kelele, waliovunja vitu, waliomsumbua chifu. Mama aliyekaa ndani miezi mitatu akilia kimya hakuna askari aliyemfuata. Hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa akaambiwa hayupo.

Jibu lilikuja baadaye kutoka hapa Uganda. Daktari John Orley, aliyeishi na kufanya utafiti Buganda, pamoja na John Wing wa London, waliwafuata watu majumbani katika vijiji viwili badala ya kungoja waletwe. Matokeo yao ya 1979 yalionyesha kwamba sonona vijijini ilikuwepo kwa wingi, tena kupita ile waliyoipata kwa wanawake wa Camberwell, London, waliopimwa kwa njia hiyohiyo. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Haukuwa na kelele.

Jambo hili linagusa biashara ya mpakani moja kwa moja. Katika soko lolote kuna yule anayezungumza peke yake na kutukana wapita njia; kila mtu anamjua na kila mtu ana jina la kumpa. Lakini yuko pia mwenye kibanda cha tatu kutoka kona, aliyekuwa wa kwanza kufungua, sasa anafungua saa nne. Mzigo wake ulikamatwa, mkopo wa kikundi umemwelemea, halali, na wenzake wanasema amekuwa mvivu au amerogwa. Huyu ndiye anayeweza kujiua bila mtu kushtuka. Anatibika. Dawa zipo, mazungumzo na mtaalamu yapo, na kituo cha afya cha kawaida ni mahali pazuri pa kuanzia. Kinachomzuia mara nyingi ni woga wa lile neno alilobandikwa Masinde, maana likishamshika mfanyabiashara, nani atampa mali kwa mkopo?

Pia yuko anayeugulia safarini. Mtu wa Bukavu au Kigoma akichanganyikiwa Kampala, hajui Kiganda, Kiingereza chake kidogo, anaonekana mkali kwa sababu tu haeleweki. Muuguzi anayemtafuta mtu wa lugha yake kabla ya kujaza fomu amefanya nusu ya uchunguzi. Wenzake wa safari nao wana kazi: kueleza alikuwaje kabla, tangu lini amebadilika, amekunywa nini, amelala lini.

Butabika ilifunguliwa mwaka 1955, miaka minane baada ya Masinde kutoka Mathari. Sheria imebadilika pia: Uganda ilipitisha Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 badala ya ile yenye mizizi ya ukoloni, na Kenya ikarekebisha yake mwaka 2022. Bado sheria zote mbili zinaruhusu mtu kulazwa bila hiari yake, na katika baadhi ya hali ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa yupo mgonjwa ambaye ugonjwa wenyewe unamficha kwamba anaumwa. Ndiyo maana anayejaza fomu anahitaji kujua anachokitafuta.

Masinde alirudi kutoka kizuizini karibu na uhuru, mwaka 1961. Uhuru haukumtuliza, wala yeye hakuutuliza. Aliendelea kusema alichoamini mbele ya machifu wapya kama alivyosema mbele ya wale wa zamani, na chini ya Rais Kenyatta alifungwa tena mara kadhaa. Dini yake ilipigwa marufuku upya mwaka 1968. Rais Moi alimwachilia mwaka 1978. Alizeeka nyumbani, chini ya mlima ule ambao upande wake mwingine ni Uganda, akafariki Juni 1987.