Al-Khwarizmi: Mwanachuoni Aliyetatua Hesabu za Mirathi

Ndugu msomaji, vijana wengi twasema hesabu ni ya shule tu, haina uhusiano na dini. Maisha ya mja huyu yatatuonyesha tumekosea wapi.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake latokana na Khwarizm, nchi ambayo leo iko kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Alifanya kazi Baghdad katika Baitul Hikma, Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833.

Khalifa alimhimiza aandike kitabu chepesi cha hesabu. Watu walikuwa na shida zao: kugawa mirathi na wasia, kushirikiana katika biashara, kuamua kesi, kupima mashamba na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Katika jina lake mna neno al-jabr, yaani kurudishia kilichopungua. Hapo ndipo ilipotoka aljebra inayotutoa jasho darasani! Yeye hakutumia herufi za x na y. Alichokuwa akikitafuta alikiita "kitu" tu, na kila hatua akaieleza kwa maneno.

Tuchukue mfano wa huku kwetu Kitale. Mzee amefariki, wazazi wake walitangulia. Madeni na wasia vimekwisha kutolewa, yamebaki magunia 96 ya mahindi. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumni, magunia 12. Yanabaki 84. Mvulana hupata mara mbili ya msichana, basi tunagawa kwa 4: kila binti 21, mvulana 42. Binti asiyejua hesabu hii akipewa magunia 10 atashukuru na kunyamaza, kumbe haki yake imeliwa.

Al-Khwarizmi aliandika pia kitabu kuhusu tarakimu za Kihindi, pamoja na sifuri. Karne ya 12 vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kilatini, na Wazungu wakajifunza kwavyo. Jina lake likatamkwa Algoritmi, likazaa neno algorithimu, yaani hatua zinazofuatwa kwa mpangilio. Kila simu na kompyuta huendeshwa kwa hatua za namna hiyo.

Alifariki yapata mwaka 850, lakini elimu yake bado yatufaa.

Basi ndugu yangu, Ramadhan hii shika kalamu. Msaidie baba kuhesabu zaka ya biashara, fungu moja katika 40. Msaidie mama sokoni apimiwe gorogoro iliyojaa. Na wewe dada, usiikimbie hesabu: yaweza kuwa ndiyo wakili wako siku moja.

Wabillahi tawfiq.