Roxane: jina hili lilitoka wapi, na mwenyewe aliishi namna gani?

Pengine unamjua Roxane mmoja: jirani, mtoto wa shangazi, ao yule dada wa kwaya. Jina hilo limefika kwetu kwa njia ya Kifaransa, na wengi wanafikiri ni la Wafaransa. Hapana. Ni jina la Uajemi, ile nchi tunaita leo Iran, na la makabila yaliyokuwa jirani zake zamani. Mwanamke aliyelifanya lijulikane dunia nzima aliishi miaka zaidi ya 2.300 iliyopita. Alikuwa bibi ya Alexandre Mkuu, na maisha yake hayakufanana sana na maana ya jina lake.

Tuanze na hiyo maana. Katika lugha za zamani za Wairani, neno lenyewe lilikuwa karibu na raukhshna, yaani yenye kungaa, yenye mwanga. Wagiriki walipolisikia hawakuweza kulitamka vile wenyewe walitamka, wakaandika Rhoxane. Waajemi wa leo wanasema roshan juu ya kitu chenye mwanga, na Roshanak ni jina la msichana: kamwanga kadogo, tungesema sisi. Kiswahili nacho kimeonja kidogo. Kile sisi tunaita balkoni, watu wa pwani wanaita roshani, neno lililotoka Uajemi katika ukoo ule ule wa maneno ya mwanga. Tena Zanzibar kuna sikukuu ya Nairuzi, mwaka mpya wa zamani. Kwa Kiajemi maana yake ni siku mpya, na hiyo siku, ruz, ni ndugu ya roshan.

Sasa mwenyewe. Roxana alizaliwa katika milima na mabonde ya Bactria na Sogdiana, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya kaskazini ya Afghanistan, Uzbekistan na Tajikistan. Baba yake, Oxyartes, alikuwa mkubwa wa kule. Hawakuwa watu wa ikulu ya mfalme wa Waajemi. Walikuwa wakubwa wa mbali, watu wa farasi na wa ngome za juu ya mawe.

Alexandre alitoka Makedonia mwaka wa 334 mbele ya Yesu Kristo na jeshi lake. Mwaka wa 331 akavunja jeshi la mfalme Darius wa Tatu kule Gaugamela, katika Irak ya leo. Mwaka uliofuata Darius akauawa na watu wake mwenyewe. Alexandre angeweza kufikiri kazi imekwisha. Lakini kule Sogdiana ndiko vita vilimshika miguu, karibu miaka miwili mizima. Mkubwa mmoja, Spitamenes, alikuwa anapiga na kukimbia, anapiga na kukimbia. Jeshi la Alexandre likajibu vile majeshi yanajibu mara nyingi: miji ikachomwa, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakakamatwa utumwa. Nani alilipa? Watu wa vijiji. Mwisho Spitamenes aliuawa na wale waliokuwa upande wake, kichwa chake kikapelekwa kwa Alexandre.

Oxyartes alikuwa amepeleka bibi yake na wasichana wake kwenye ngome iliyoitwa Mwamba wa Sogdiana, akifikiri kwamba pale hakuna adui atafika. Mwamba ulikuwa wima pande zote, theluji juu, chakula kimejaa ndani. Mwandishi Arrian anasimulia kwamba watu wa ngome walimcheka Alexandre: atafute kwanza askari wenye mabawa. Basi akatafuta wanaume wenye kujua kupanda mawe. Wakapatikana 300. Aliahidi zawadi kubwa kwa wa kwanza kufika. Walipanda usiku kwa upande mbaya kuliko yote, wakipiga vyuma vya mahema ndani ya theluji na mawe, wakifunga kamba za kitani. Karibu 30 walianguka, na maiti zao hazikuonekana tena katika theluji. Asubuhi waliobaki walisimama juu wakipunga vitambaa, na Alexandre akaambia watu wa ngome waangalie: wenye mabawa wamefika. Wakajitoa pasipo kupigana.

Kati ya mateka alikuwemo Roxana.

Waandishi wa kale, Arrian na Plutarch, wanasema Alexandre alimpenda tangu alipomwona, na kwamba hakumlazimisha kama mateka, alimuoa. Mwingine, Quintus Curtius, anasema alimwona kwenye karamu, pamoja na wasichana wengine wa wakubwa. Kwa arusi, mkate ulikatwa kwa upanga, vile desturi ilitaka, bwana na bibi wakala. Ilikuwa mwaka wa 327. Inawezekana mapendo yalikuwepo. Lakini tazama matokeo: Oxyartes akaacha vita, akawa upande wa mkwe wake, na baadaye akapewa kutawala eneo la karibu na Kabul ya leo. Ile ndoa ilizima moto ambao upanga haukuweza kuuzima. Na kati ya waandishi wote hao hakuna hata mmoja aliyeandika kama Roxana naye alipenda. Hawakuona ni jambo la kuuliza.

Majemadari wa Makedonia hawakufurahi. Kwao, mfalme kuchukua bibi kati ya watu walioshindwa ilikuwa aibu. Manunguniko hayo yatamfuata Roxana, na yatamfuata mtoto wake, mpaka mwisho.

Mwaka wa 324, mjini Susa, Alexandre alifanya arusi kubwa ya pamoja. Wakubwa wake karibu 80 wakaoa wanawake wa Kiajemi, na yeye mwenyewe akamuoa Stateira, binti ya Darius. Roxana akapata mke mwenzake, tena mtoto wa mfalme, mwenye ukoo kuliko wake. Katika mwezi wa Juni 323, Alexandre alishikwa na homa Babilonia, akafa akiwa na miaka 32. Roxana alikuwa na mimba.

Hapa kuna habari mbaya juu yake, na haifai kuificha. Plutarch anaandika kwamba Roxana alimwita Stateira kwa barua ya uongo, akamuua pamoja na ndugu yake, maiti zikatupwa kisimani na kisima kikafukiwa. Perdiccas, jemadari mkubwa wa wakati ule, alimsaidia. Plutarch aliandika miaka zaidi ya 400 nyuma ya mambo hayo, lakini wanahistoria wengi hawaikatai habari yenyewe. Wivu, Plutarch anasema. Mimi naona pia hofu. Kama Stateira angezaa mtoto wa kiume, nani angemuacha hai mtoto wa yule mwanamke wa milimani? Hiyo haisafishi damu. Lakini Perdiccas, ambaye hakuwa na wivu wa ndoa, alikuwa anatafuta nini pale? Yule alitaka mfalme mmoja mdogo ambaye yeye angemshika mkono.

Mbele mtoto azaliwe, askari wa miguu walikuwa tayari wamegomba. Hawakutaka mfalme mwenye mama wa Asia. Walimtaka Arrhidaeus, ndugu ya Alexandre kwa baba, mtu aliyekuwa na ugonjwa wa akili. Masikilizano yakafanyika: wafalme wawe wawili. Mmoja asiyeweza kutawala, mwingine bado tumboni. Roxana akazaa kijana, akaitwa Alexandre wa Nne.

Kuanzia hapo, mama na mtoto wakawa kama mzigo unaohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Yule aliyekuwa nao ndiye alisema anatawala kwa jina la mfalme. Perdiccas akauawa Misri na maofisa wake. Antipater, mzee wa Makedonia, akawakamata na kuwapeleka Ulaya, nchi ambayo Roxana hakuwa amekanyaga. Antipater akafa mwaka wa 319. Kisha Roxana na kijana wakawa upande wa Olympias, mama mkwe wake, mwanamke mkali ambaye aliamuru Arrhidaeus auawe. Cassander, mtoto wa Antipater, akawazungukia wote katika mji wa Pydna, kando ya bahari. Njaa ya Pydna ilikuwa ya kutisha: tembo wa vita walipewa unga wa mbao mpaka wakafa, askari wakafa, farasi wakaliwa. Katika mwaka wa 316 Olympias akajitoa, na Cassander akatafuta namna ya kumuua.

Roxana na mtoto hakuwaua kwanza. Aliwafunga kwenye ngome ya Amphipolis, chini ya mlinzi aliyeitwa Glaucias. Vijana waliokuwa wanamtumikia mfalme mdogo wakaondolewa, na amri ikatoka kwamba asitunzwe tena kama mfalme. Alikuwa na miaka karibu saba.

Mwaka wa 311 majemadari wakafanya amani. Katika maandiko ya amani hiyo walikubali kwamba Cassander angesimamia Ulaya mpaka Alexandre mdogo awe mtu mzima. Soma tena neno hilo: mpaka awe mtu mzima. Kwa karatasi, walikuwa wanalinda haki ya mtoto. Kwa kweli walikuwa wamempa Cassander sababu ya kuharakisha. Kijana alikuwa anakaribia miaka 13, na watu wa Makedonia walianza kusema kwamba wakati wake wa kutoka ngomeni umefika. Glaucias akapokea amri ya siri, akawaua wote wawili, mama na mwana, na kuficha maiti. Ilikuwa karibu mwaka wa 310. Hakuna jemadari mmoja aliyeinua jeshi juu yao. Miaka michache tu nyuma ya hapo, wale majemadari wakaanza kujiita wafalme.

Katika miaka ya 1970, profesa Manolis Andronikos alichimbua makaburi ya wafalme kule Vergina, kaskazini ya Ugiriki. Kaburi moja lilikuwa na chombo cha feza chenye mifupa ya kijana wa miaka kumi na kitu, na taji la majani ya zahabu. Wataalamu wengi wanaamini ni yule mtoto wa Roxana. Mwaka wa 2014, wakati kaburi kubwa lilifunguliwa karibu na Amphipolis, wengine walisema haraka ni la mama yake. Halijahakikishwa.

Jina, lenyewe, halikufungwa. Mshairi Ferdowsi, aliyemaliza kitabu chake cha wafalme wa Uajemi karibu mwaka wa 1010, anamtaja Roshanak, lakini kwake ni binti ya Darius, ambaye baba anamkabizi kwa Alexandre wakati wa kukata roho. Maana yake, Waajemi waliwaunganisha wake wawili: mwuaji na aliyeuawa wakawa mtu mmoja, mwenye jina la huyu na ukoo wa yule.

Ulaya, Racine alimpa jina la Roxane bibi mmoja wa sultani katika mchezo wake Bajazet wa mwaka wa 1672. Defoe akaandika Roxana mwaka wa 1724. Lakini mlango mkubwa kwa sisi wa lugha ya Kifaransa ni Cyrano de Bergerac ya Edmond Rostand, ya mwaka wa 1897, yenye Roxane anayependwa kwa njia ya barua. Hata wimbo wa The Police wa mwaka wa 1978 ulikamata jina kutoka tangazo la mchezo huo, ambalo Sting aliona hotelini Paris.

Leo Roxana ni jina la kawaida sana Romania, Poland wanaandika Roksana. Iran kwenyewe si jina la kila nyumba, haliwezi kushindana na Fatima, Zahra wala Maryam. Wengine wanachagua Roshanak, wengine Roksana, yaani jina lao wenyewe lililokwenda kwa Wagiriki na kurudi nyumbani likiwa na matamshi ya kigeni.