Armstrong: Aliyechuja Makelele, Akafa Kabla ya Haki

Msorovea anayepima shamba la mahindi huko Endebess, chini ya Mlima Elgon, hutegemea kifaa kinachopokea mawimbi ya redio kutoka kwa setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi angani. Mawimbi hayo hufika yakiwa dhaifu mno, na mtambo mwingine wa redio ulio karibu waweza kuyafunika. Yakivurugwa, vipimo hupotoka. Na mpaka ukisogea, ndugu hugombana. Ni wachache wamjuao mtu aliyeuonyesha ulimwengu namna ya kuyachuja makelele ya aina hiyo.

Mtu huyo ni Edwin Howard Armstrong, aliyezaliwa New York, Marekani, tarehe 18 Desemba 1890. Mwaka 1918, akiwa afisa wa jeshi mjini Paris, alibuni mbinu ya kuyachanganya mawimbi yaingiayo na mengine yanayozalishwa ndani ya mtambo wenyewe, hata yakashuka hadi masafa ya chini yasiyobadilika. Hapo chujio moja imara hupitisha yanayotakiwa na kuyazuia mengine. Mbinu hiyo ingali imo katika vipokezi vingi vya redio na vya setilaiti.

Mwaka 1933 Armstrong alipata hataza za FM, utangazaji usiosumbuliwa sana na radi, ambao leo husikika Kitale na Bungoma. Lakini ubunifu haukumletea raha. Mwaka 1945 serikali ya Marekani iliihamisha FM hadi masafa mengine, na redio ambazo watu walikuwa wamekwisha kununua zikawa hazifai. Mwaka 1948 aliishtaki kampuni ya RCA, akidai imetumia uvumbuzi wake bila malipo. Kesi ilijikokota, mali ikayeyuka, ndoa ikatikisika. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1954 alijirusha kutoka dirishani, akafa. Mjane wake, Marion, aliendeleza kesi dhidi ya kampuni mbalimbali hadi ushindi wa mwisho mwaka 1967.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Haki iliyokamilika miaka 13 baada ya mazishi haikumfaa Armstrong. Twawahimiza vijana wetu wabuni mitambo na kuisajili; vyema. Hata hivyo, cheti cha hataza ni karatasi tu iwapo mwenye fedha aweza kuirefusha kesi hadi mwenye akili achoke. Mahakama na wabunge wetu na walitafakari hilo mapema, mvumbuzi angali hai.