William Fox: Aliyeuvunja Ukiritimba wa Sinema Kisha Akautaka

Mwezi wa Septemba, 2025, kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo yenye DStv, na kwa hivyo ving'amuzi vingi vilivyomo majumbani mwetu vikapata tajiri mpya bila ya mwenye nyumba yeyote kuulizwa. Mambo ya namna hii yanapotokea husemwa kuwa ni ya zama hizi za setilaiti. Sivyo. Yalianza tangu siku za sinema isiyokuwa na sauti, na mtu ambaye maisha yake huyaeleza vizuri kuliko vitabu vingi vya uchumi ni William Fox, aliyefariki dunia mwaka 1952. Wengi wetu tumeliona jina lake likimulikwa na taa kubwa mwanzoni mwa filamu. Wachache wanajua kuwa lilikuwa jina la mtu.

Fox alizaliwa tarehe 1 Januari, 1879, katika mji mdogo wa Tolcsva nchini Hungaria, wazazi wake wakiwa Mayahudi, akapelekwa New York angali mchanga. Walikaa katika mitaa ya mafukara. Utotoni alianguka kutoka kwenye gari la barafu akavunjika mkono wa kushoto, na kwa kuwa haukutibiwa ipasavyo alibaki na kilema cha mkono huo maisha yake yote. Shule aliiacha mapema, akaingia katika kazi ya nguo. Mwaka 1904 akiba yake ilimtosha kununua ukumbi huko Brooklyn, mahali ambapo mtu alitumbukiza senti katika mashine akachungulia picha zinazokwenda. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku alipokwenda kuukagua aliukuta umejaa tele, na alipokwisha kulipa ndipo alipogundua kuwa wateja wale walikuwa wameletwa na muuzaji. Kwa somo hilo akaanza. Baada ya miaka michache alikuwa na majumba kadhaa ya sinema, na kampuni ya kukodisha filamu kwa majumba ya wengine.

Wakati huo sinema yote ya Marekani ilikuwa imeshikwa na mkono mmoja. Mnamo Desemba 1908, makampuni kumi yakiongozwa na ile ya Thomas Edison yaliweka pamoja haki zao za uvumbuzi wa kamera, mikanda na mashine za kuonyeshea. Tangu hapo mwenye jumba la sinema alitakiwa kulipa dola 2 kila wiki kwa ajili ya ruhusa ya kutumia mashine aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1910 wakubwa hao wakaunda kampuni ya kusambaza filamu, ikawa inawanunua wasambazaji mmoja baada ya mwingine. Aliyekataa kuuza alinyang'anywa leseni, na asiye na leseni hakupata filamu. Mwishowe akabaki Fox peke yake.

Fox alikataa. Leseni yake ilipofutwa alikwenda mahakamani, akapeleka na malalamiko kwa Wizara ya Sheria, akiitegemea sheria ya mwaka 1890 ya kuzuia ukiritimba, ambayo mpaka wakati huo haikuwa imewasumbua watu wa sinema. Serikali ilifungua kesi mwaka 1912, na Oktoba 1915 mahakama ikaamua kuwa umoja ule ulikuwa kinyume cha sheria. Watengenezaji wadogo, ambao ndio waliokuja kuijenga Hollywood, wakapata nafasi ya kupumua. Jambo hili ni sifa ya Fox, na wale wanaokumbuka gereza lake tu hawamtendei haki.

Mwaka huo huo wa 1915 aliunda Fox Film Corporation. Sasa alikuwa anatengeneza filamu, anazisambaza na kuzionyesha katika majumba yake mwenyewe. Mambo hayo matatu yakiwa kwa watu watatu, kila mmoja humzuia mwenziwe. Mwenye jumba la sinema wa Vuga au wa Malindi aliweza kuikataa filamu ya Hollywood akaleta ya Kihindi au ya Kimisri, na watazamaji wake wakaamua. Yakiwa kwa mtu mmoja, hakuna wa kukataa.

Hata hivyo Fox hakuwa mchuuzi mtupu. Alimtoa Theda Bara, akamwajiri Tom Mix, akamwita Murnau kutoka Ujerumani kuja kutengeneza Sunrise, filamu ya mwaka 1927 ambayo wajuzi wangali wanaihesabu miongoni mwa zilizo bora kabisa. Na wakati kampuni ya Warner ilipokuwa ikitoa sauti katika sahani za santuri, Fox aliweka fedha zake katika mtambo wa Movietone, ulioiandika sauti juu ya mkanda wenyewe, pembeni mwa picha. Njia ya kuandika sauti juu ya mkanda ndiyo iliyoshinda.

Hapo tamaa ikamwandama. Marcus Loew, mwenye majumba mengi ya sinema na studio ya MGM, alifariki mwaka 1927. Mwanzoni mwa 1929 Fox alinunua hisa za familia ya Loew pamoja na za wakuu wa kampuni hiyo kwa kiasi cha dola milioni 50. Akiziunganisha kampuni hizo mbili, hapangekuwa na mwingine wa kulingana naye katika biashara hiyo duniani. Fedha nyingi zilikuwa za mikopo ya muda mfupi, kutoka mabenki na kutoka kampuni ya simu, AT&T, kwa kupitia tawi lake. Yule aliyewashinda wakubwa wa mwaka 1908 alikuwa sasa ajenga kitu kikubwa kuliko chao.

Je, Serikali ilimruhusu? Fox alishikilia kwamba kabla ya kununua alihakikishiwa na wakubwa wa Wizara ya Sheria kuwa hapana kizuizi. Lakini Machi 1929 Rais Hoover alishika madaraka, na Wizara ikapata wakuu wapya wenye maoni mengine. Ikumbukwe pia kwamba Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya MGM, alikuwa rafiki wa Hoover, naye alikasirika kwa kuuzwa yeye na studio yake bila ya kupata chochote. Tarehe 17 Julai gari la Fox liligongana na jingine njiani huko Long Island. Dereva wake alikufa, na yeye akalazwa kwa muda mrefu. Oktoba bei za hisa zikaporomoka, wadai wakaja mlangoni. Novemba Serikali ikamfungulia mashtaka kwa sheria ya kuzuia ukiritimba, ya jamii ya ile aliyoitumia yeye kuwaangusha wenzake. Aprili 1930 aliuza hisa zake za mamlaka kwa dola milioni 18, akatoka katika kampuni yenye jina lake.

Na tuseme wazi: kuuzuia muungano ule lilikuwa jambo la haki, na lingekuwa la haki hata kama Mayer hakumjua Rais. Lililoharibika ni utaratibu. Neno la mdomo la ofisa halimfungi mrithi wake katika kiti kile. Ruhusa ya jambo zito namna hiyo huandikwa, hutajwa masharti yake, na hutangazwa kabla fedha hazijalipwa, ili mwenye kupinga apinge mapema. Maafisa wetu wanaoshughulikia leseni za utangazaji hawatakosa kuyatambua maradhi haya. Ruhusa yenye kutegemea nani amekaa katika kiti haimlindi mfanyabiashara wala mtazamaji.

Kampuni yenyewe haikudumu peke yake. Mwaka 1935 iliunganishwa na Twentieth Century Pictures, ya Darryl Zanuck na Joseph Schenck, ndugu wa yule Nicholas Schenck aliyemuuzia Fox hisa za Loew. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ilimnyima haki ya uvumbuzi wa sauti aliyoitegemea kumrejeshea utajiri. Mwaka 1936 alitangazwa muflisi, na katika kesi hiyo akamhonga jaji. Alikiri, akafungwa mwaka 1942, akatoka mwaka uliofuata, na Rais Truman akamsamehe mwaka 1947. Kwa hongo hiyo hatumtetei.

Msiba mkubwa zaidi kwa sanaa ulikwisha kutokea. Tarehe 9 Julai, 1937, katika joto kali, ghala la kampuni huko Little Ferry, New Jersey, lilishika moto. Mikanda ya zamani ilikuwa ya nitrati, kitu kinachowaka upesi mno, nayo ilikuwa imerundikwa pamoja chini ya dari moja. Filamu nyingi za kimya za Fox ziliteketea. Kati ya filamu arubaini hivi za Theda Bara zimebaki chache sana. Cleopatra ya mwaka 1917 imebaki vipande tu. Mwenye dhamana ya kanda za zamani za Sauti ya Unguja na aisome habari hii mara mbili.

Marekani ilirudia somo lile. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi uliozilazimisha studio kubwa kuachana na majumba ya sinema. Masharti yale yalianza kuondolewa mwaka 2020, kwa hoja kuwa zama zimebadilika. Rupert Murdoch aliichukua studio ya Fox katika miaka ya 1980, na Machi 2019 Disney ikainunua, pamoja na mali nyingine, kwa dola bilioni 71. Studio kubwa zilizohesabiwa sita zikabaki tano, na filamu zinazotoka studio ile kwenda majumbani mwa sinema zikapungua. Januari 2020 Disney ililifuta neno Fox katika jina la studio.

Jina hilo lingali juu ya mlango wa jumba moja huko Atlanta, lililofunguliwa Disemba 1929, wakati mwenyewe alipokuwa akizama katika madeni. Jumba hilo lina kuba na minara mfano wa msikiti, kwa kuwa klabu iliyolijenga ilipenda mitindo ya nchi za Kiislamu, kisha likakodishwa kwa Fox. Katika miaka ya 1970 kampuni ya simu ya huko, tawi la AT&T ile ile, ilitaka kulibomoa ijenge makao yake makuu. Wakazi wa mji walikusanya michango, deni likalipwa kufikia mwaka 1978, na mpaka leo watu hukata tikiti pale.